Vitafunwa vya Mbwa kwa Jiko la Mkaa, Uyole, Mbeya: Shajara ya Mradi, Machi hadi Agosti 2025

8 Machi: Sababu, na visivyoingia jikoni

Tuna mbwa wawili wa kienyeji. Chui ni mlinzi wa usiku, mkubwa, mtulivu. Tausi ni jike mdogo aliyeokotwa karibu na stendi, na mpaka leo akishikwa shingoni anajikojolea kwa hofu. Chanjo ya kichaa cha mbwa haimsubiri mbwa azoee watu, kwa hiyo tunataka kumfundisha mapema atulie akiwa mikononi mwa mtu. Mafunzo ya namna hiyo yanataka kitu kidogo, kikavu, chenye harufu ya kumvuta, anachopewa kila anapotulia. Ugali anaupata jioni, hauna tena uzito kwake. Vitafunwa vya kopo vinavyopatikana mjini ni vichache na bei yake haifai kwa kitu cha kutoa mara nyingi kwa siku. Hivyo vitatengenezwa hapa nyumbani, kwa vitu vya soko la Mwanjelwa na bucha la jirani, juu ya jiko la mkaa. Oveni hatuna.

Nitaandika kila hatua ikiisha, pamoja na bei, ili mwenye mbwa aliyeko Tukuyu, Makambako au Mafinga afuate bila kulipa hasara ambayo imeshalipwa.

Kabla ya kununua chochote niliandika ukutani vitu ambavyo haviingii kabisa, maana baadhi yake vinaota katika mashamba yetu wenyewe. Makadamia ya Rungwe: mbwa akila analegea miguu ya nyuma, anatetemeka, anatapika. Kakao ya Kyela na chokoleti ya aina yoyote: zina theobromini, ambayo mwili wa mbwa unaitoa polepole sana, nayo inaushika moyo na mishipa ya fahamu. Parachichi lina mafuta mengi mno kwa kongosho la mbwa, na kokwa lake likimezwa linaweza kuziba utumbo. Zabibu, mbichi au kavu, huua figo. Viazi mviringo vilivyogeuka kijani au kuota machipukizi viende shimoni.

Vitunguu maji na vitunguu saumu vinahitaji sentensi zake, kwa sababu ndivyo vinavyoingia bila mtu kujua. Viwe vibichi, vimekaangwa au ni vya unga, vinaharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Maana yake mchuzi uliobaki wa chakula cha mchana hautumiki kukandia unga, hata kama nyama yote imetolewa. Supu ya mbwa inachemshwa peke yake, maji na nyama tu.

Zailitoli, sukari ya kutengeneza inayowekwa kwenye bigijii zisizo na sukari na katika baadhi ya siagi za karanga, inaangusha sukari ya damu ya mbwa kwa haraka na kuharibu ini. Soma lebo. Unga wenye hamira mbichi nao unaumuka tumboni na kutoa pombe. Chumvi na sukari hazina kazi yoyote katika mradi huu.

15 Machi: Unga

Wazo la kwanza nyumbani lilikuwa dona, maana ndiyo iliyo karibu. Niliikataa, na nitaeleza kwa urefu kidogo.

Mahindi na karanga zilizovunwa na unyevu, au kuhifadhiwa vibaya, huota kuvu wanaotoa sumukuvu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Mbwa ni miongoni mwa wanyama inaowadhuru upesi, nayo inapiga ini. Joto la kupikia jikoni haliiondoi: ugali uliokaa motoni muda wote unaotakiwa bado unakuwa nayo, na biskuti vilevile. Sasa fikiria desturi yetu. Mahindi mazuri yanasagwa kwa ajili ya watu, yaliyobadilika rangi yanatengwa "ya mbwa na kuku." Desturi hiyo inampa mbwa hasa kile kitakachomdhuru. Kama hindi halifai kwa mtoto, halifai kwa mbwa.

Anayetaka kutumia mahindi yake mwenyewe yaliyokauka vizuri ana kipimo ambacho mabwana shamba wamekuwa wakikifundisha: weka chumvi kavu kidogo kwenye chupa safi ya kioo, tia mahindi mpaka theluthi moja, funga, tikisa, acha robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15 na hayafai kuwekwa ghalani. Kipimo hiki hakionyeshi sumu yenyewe, kinaonyesha unyevu tu. Kikumbuke lakini, huenda kikarudi kwa kazi nyingine.

Uamuzi wangu ni ngano na ulezi. Ulezi ni mdogo wa punje, unakauka upesi, na mbwa wanaupenda kwa harufu yake. Nilinunua punje safi na kuzisagisha mwenyewe, ili niuone kabla haujawa unga.

Bei nilizolipa Mwanjelwa: ngano shilingi 2,000 kwa kilo, ulezi 3,000 kwa kilo.

29 Machi: Mkupuo wa kwanza

Maini ya ng'ombe, gramu 400, shilingi 4,800. Muuza bucha aliuliza, "Mama, nikukatie ya kukaanga?" Nikamwambia ni ya mbwa. Akanyamaza kidogo, kisha akayachagua kwa makini uleule, na tangu siku hiyo huwa ananitengea.

Maini lazima yaive mpaka ndani. Mbeya iko juu kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na maji ya hapa yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Ndiyo sababu maharage yetu yanakula mkaa mwingi kuliko ya Dar es Salaam, na maini nayo yanahitaji nyongeza. Nilikata vipande vya unene wa kidole, nikachemsha nusu saa kuanzia maji yalipotokota, mpaka katikati hapakuwa na wekundu. Yakabaki karibu gramu 300. Yaliyopoa yanasagika kwenye kinu kama mchanga wenye unyevu, hakuna haja ya mashine.

Ulezi ulileta shida. Hauna ule mnato wa ngano, na unga wa nusu kwa nusu ulisambaratika kwenye kibao kabla hata ya kukatwa. Kuongeza mayai kulisaidia kidogo, lakini yai ni shilingi 400 na kila yai linaongeza maji. Dawa ilikuwa kwenye sufuria ya asubuhi. Chukua gramu 50 za ule unga wa ulezi, pika uji mzito kwa supu ya maini, upoe, halafu ukandie unga uliobaki. Wanga uliokwisha kuiva unashika kama gundi. Tangu hapo hakuna kilichosambaratika.

Vipimo vya mkupuo: ngano gramu 400, ulezi 200 (50 kati yake ndiyo uji), maini yaliyochemshwa na kusagwa 300, yai moja, supu ya maini mililita 150. Jumla kama gramu 1,100 za unga uliokandwa. Unasukumwa kama chapati nene ya nusu sentimita, unachorwa kwa kisu vipande vidogo ukiwa bado mbichi, maana ukikauka haukatiki sawa, unavunjika ovyo.

Kuoka: sufuria kubwa yenye mchanga mkavu vidole viwili, sahani ya bati juu ya vijiwe vitatu, mfuniko, makaa chini na kupalia juu. Vilitoka vya rangi nzuri ya kahawia. Chui alikula cha kwanza na kukaa chini bila kuambiwa, akisubiri cha pili.

Vikafungwa kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko.

12 Aprili: Kuvu

Ndoo imefunguliwa leo. Nywele nyeupe juu ya vipande vya katikati, madoa ya kijani kwenye vile vya chini, harufu ya kuchacha. Vyote vimefukiwa shimoni, hata vile vilivyoonekana vizima, kwa sababu iliyoandikwa hapo juu kuhusu kuvu na ini. Kukwangua kuvu na kumpa mbwa kilichobaki hakuokoi kitu. Sumu haionekani kwa macho.

Masika ya Mbeya yalichangia. Asubuhi ukungu unashuka kutoka mlima Loleza, nguo zinakaa kwenye kamba siku nzima na kuingizwa ndani zikiwa bado na unyevu. Lakini mvua haikuingia ndani ya ndoo. Maji yalikuwa ndani ya biskuti zenyewe tangu mwanzo, na mizani ilionyesha hivyo. Nilikuwa nimeandika uzito siku ya kuoka: gramu 1,100 za unga uliokandwa zilitoa gramu 850 za biskuti.

Hesabu yake ni hii, na ndiyo moyo wa mradi wote. Unga mkavu wa dukani wenyewe una maji kama asilimia 12 hadi 14. Ini lililochemshwa ni maji zaidi ya nusu, yai ni maji robo tatu, supu ni maji matupu. Ukitoa maji yote katika zile gramu 1,100, kinabaki kitu kikavu cha kama gramu 660. Biskuti zangu zilikuwa 850. Yaani zaidi ya moja ya tano ya uzito wake ilikuwa maji. Kwa kiwango hicho kuvu hahitaji mvua, anahitaji siku chache tu za utulivu. Ili biskuti ikae, maji yashuke mpaka asilimia nane au kumi, na kwa mkupuo huu hiyo ni gramu 720 hivi.

Kwa hiyo rangi ya kahawia haisemi lolote. Nje panaiva mapema, ndani panabaki laini. Jino la mbwa halijali, kuvu anajali. Kinachosema kweli ni mizani: pima unga uliokandwa kabla ya kuoka, na usiache kukausha mpaka uzito umeshuka kufikia karibu theluthi mbili. Mizani yangu ni ya jikoni, ya betri. Muuza duka jirani angenipimia bure.

Na kipimo cha chumvi kinafaa hapa pia. Vipande vichache vilivyopoa, vunjavunja, chupa ya kioo, chumvi kavu, tikisa, acha saa nzima. Chumvi ikiganda, rudisha motoni.

3 Mei: Moto wa pili

Suluhisho la kwanza lililojaribiwa lilikuwa kuoka muda mrefu zaidi kwa moto uleule. Chini viliungua vikawa vyeusi, katikati vikabaki vinapindika. Harufu ya kuungua mbwa hawakuijali, lakini sitaki kumlisha mnyama mkaa.

La pili, lililofanikiwa, ni kutenganisha kazi mbili. Kuoka ni kuivisha. Kukausha ni kutoa maji, na maji hayatoki kwa joto kali pekee, yanahitaji mahali pa kutokea. Mfuniko uliofungwa kabisa unarudisha mvuke ndani. Sasa naoka kwa moto wa kawaida mpaka vimeshika, navitoa, navivunja kwenye mistari ya kisu ili pande zote ziwe wazi, kisha navirudisha juu ya makaa yanayokaribia kufifia, mfuniko ukiwa umeinuliwa upande mmoja kwa kijiti. Mvuke unaonekana kabisa ukitoka pale penye kijiti. Navigeuza mara kwa mara, napima, narudisha.

Mambo madogo yaliyogharimu muda. Makaa mengi yawe juu ya mfuniko na machache chini, mgawanyo wa kinyume unaunguza. Pangusa majivu kwa ufagio mdogo kabla ya kuinua mfuniko, la sivyo yanamwagika ndani. Mchanga ukaushwe kwanza peke yake, kwani mchanga wa mtoni wenye unyevu unatoa mvuke kwa muda mrefu. Jiko likae nje au kwenye kibanda kisicho na kuta zote. Kazi hii ni ya saa nyingi, na hewa ya mkaa ndani ya chumba kilichofungwa kwa ajili ya baridi inaua watu.

Vikiwa vya moto vitapindika hata kama vimekauka, kwa hiyo hukumu itolewe vikishapoa: kipande kikavu kinakatika kwa sauti. Na usifunike ndoo kabla havijapoa kabisa. Mkupuo mmoja uliopata uzito sahihi ulipata matone ya maji chini ya mfuniko kwa sababu ulifungwa ukiwa vuguvugu. Uliokolewa kwa kurudishwa motoni siku ileile.

Gharama ya mkupuo wa leo: ngano 800, ulezi 600, maini 4,800, yai 400, mkaa 3,000. Jumla shilingi 9,600 kwa gramu 720. Ni ghali kuliko nilivyotaka. Penye uzito ni maini na mkaa.

24 Mei: Usipa wa Ziwa Nyasa

Usipa, yaani dagaa wa Ziwa Nyasa, unapanda ukiwa mkavu kutoka Kyela na Matema, na una sifa moja kubwa kwa mradi huu: umeshakaushwa na wengine. Nilinunua wa shilingi 5,000, nikiuliza kwanza kama una chumvi. Usiotiwa chumvi ndio unaotakiwa. Onja mmoja.

Shida yake ni mchanga. Samaki wanaoanikwa ufukoni wanaubeba tumboni na kwenye magamba, na mbwa anayepewa kila siku anaumeza wote, unamsugua meno. Kuosha kunautoa, lakini kuosha kunarudisha maji, na usipa uliolowa unaoza haraka kuliko nyama. Njia iliyofaa ni kupepeta kwanza kwenye ungo mpaka mchanga wa juu umetoka, kuondoa vichwa, kuosha upesi kwa maji ya moto mara mbili, kisha kukausha siku hiyohiyo juu ya makaa hafifu bila kungoja jua.

Nilijaribu kuanika juu ya bati. Nzi walifika kabla yangu. Jirani akaleta chandarua cha zamani cha kufunikia, kwa nia njema kabisa, nikamrudishia kwa shukrani: vyandarua tunavyopewa vina dawa ya kuua wadudu iliyoingizwa kwenye uzi, na dawa ile haitakiwi kugusa chakula cha mtu wala cha mnyama. Pazia la neti lililofuliwa linatosha.

Usipa mzima mmoja mmoja ni kitafunwa tayari. Kuusaga na kuuchanganya kwenye unga nimeacha: nyumba ilinuka mpaka kwenye nguo, na paka wa mtaa mzima wakahamia kwenye kibanda cha jiko. Faida haikulingana na usumbufu.

21 Juni: Mapafu, kilicho bora kuliko vyote

Baridi ya Juni imeingia, na pamoja nayo hewa kavu. Mchana jua kali, anga haina wingu, nguo zinakauka saa chache. Huu ndio msimu wa kukausha nyama huku kwetu, na mradi ungeanza sasa ungeepuka nusu ya shida za Aprili.

Mapafu ya ng'ombe ni shilingi 4,000 kwa kilo, wanunuzi ni wachache. Hayana mafuta mengi, yakikauka yanakuwa mepesi na yenye vitundu, yanakatika kwa vidole. Kwa mafunzo hakuna kinachoyazidi.

Lakini mapafu na maini mabichi yana hatari ambayo bwana mifugo alinisisitizia nilipomuuliza. "Usimpe mbwa mbichi hata kipande, mama. Ukiona vifuko vyenye maji, usikate, usitupe jalalani, fukia chini kabisa." Vifuko vile ni hatua ya utotoni ya tegu wa mbwa. Mbwa akila, tegu anakomaa utumboni mwake, mayai yanatoka na kinyesi, yanafika kwenye mboga, maji na mikono ya watoto, na kwa mtu yanajenga vifuko vilevile kwenye ini au mapafu. Kwa hiyo nanunua nyama iliyokaguliwa yenye muhuri wa machinjio, nakagua tena mwenyewe, na nachemsha yote kabla ya kitu kingine.

Kuchemsha mapafu kuna taabu yake: yamejaa hewa, yanaelea. Upande wa juu unabaki nje ya maji bila kuiva huku povu likimwagika juu ya makaa. Kata vipande vikubwa, weka sahani ya bati kichwa chini ndani ya sufuria, juu yake jiwe safi lililochemshwa. Saa moja, na povu litolewe kwa mwiko. Kukatakata kabla ya kuchemsha hakufai, mapafu mabichi yanateleza chini ya kisu. Yaliyochemka na kupoa yanakatika vizuri, vipande vya unene wa sentimita moja.

Niliyatandaza kwenye chekeche la waya, pazia la neti juu, nikainua kutoka ardhini kwenye mbao mbili. Mchana wa kwanza yalikauka nje. Usiku ule umande ulishuka mzito, karibu sakitu, na yaliyobaki nje yakalowa tena. Mpaka saa kumi na moja jioni yawe ndani, bila mjadala. Siku ya pili jua likayapunguza tena, na umaliziaji ukawa juu ya makaa hafifu kama biskuti. Kilo moja mbichi ilitoa gramu 220.

Ukihesabu kwa kilo ya kitu kikavu, pamoja na mkaa wa kuchemshia na kumalizia wa 1,500, unapata kama shilingi 25,000, ambayo ni zaidi ya biskuti. Usihesabu hivyo. Gramu 220 za mapafu makavu zinajaza ndoo ya lita mbili, na kipande kimoja cha mafunzo ni chepesi kama unyoya. Kwa idadi ya vipande, mapafu yanashinda.

12 Julai: Kiasi, na Tausi

Wiki hizi zimekuwa za kulisha kuliko kupika.

Kanuni ya madaktari wa mifugo ni kwamba vitafunwa visizidi asilimia 10 ya nguvu anayoipata mbwa kwa siku. Kilichobaki kitoke kwenye chakula chake kamili. Mbwa mzima wa kilo 15, asiye mnene wala mgonjwa, anahitaji takribani kalori 850 kwa siku, kwa hiyo vitafunwa ni kalori 85. Biskuti hizi, zikiwa kavu, zina kama kalori tatu na nusu kwa gramu. Hiyo ni gramu 24 kwa siku, ambazo zikiwa zimekatwa ukubwa wa punje ya harage ni konzi nzuri ya mafunzo. Kwa mbwa mnene, punguza ugali wa jioni kwa kiasi kilekile.

Maini yalijionyesha kwenye kinyesi. Chui alipokuwa akipewa biskuti za maini pamoja na maini matupu yaliyokaushwa, kinyesi kililegea, kikarudi sawa maini matupu yalipoondolewa. Ini lina vitamini A nyingi, nayo hujikusanya mwilini. Nimepunguza maini kwenye biskuti hadi nusu, nikafidia kwa supu yake. Mbwa hawakuonyesha tofauti yoyote. Wao wanafuata harufu, na harufu imo kwenye supu.

Tausi tunamfundisha kwa vipindi vifupi, mwanangu wa kike na mimi, kabla ya chakula cha jioni akiwa na njaa kidogo. Kwanza mkono karibu na shingo, kipande. Kisha mkono ukigusa, kipande. Hatusogei mbele mpaka masikio yake yamelegea. Kipande kitolewe papo hapo anapotulia, kikichelewa hata kidogo anahusisha zawadi na kitu kingine, na hapo ndipo ukubwa unapohusika: kikubwa anakaa kukitafuna na kusahau alichofanya. Sasa anakubali kushikwa shingo na kubanwa ngozi ya bega kwa vidole, mahali sindano inapoingia. Hajikojolei. Mgeni bado anamtisha, kwa hiyo tumeanza kumwomba jirani aje, aseme hodi, aketi, atupe kipande chini bila kumtazama usoni.

9 Agosti: Mapishi yalivyo sasa

Ngano gramu 400, ulezi 200 (50 ya uji), maini yaliyochemshwa 150, yai moja, supu ya maini mililita 220. Jumla gramu 1,020 hivi. Iache jikoni iwe 660, si zaidi.

Mikupuo miwili inaokwa kwa kufuatana juu ya moto mmoja: wa pili unaoka wakati wa kwanza unavunjwavunjwa na kupoa, kisha yote miwili inakaushwa pamoja. Mkaa wa 4,000 unagawanyika. Kwa mkupuo mmoja: ngano 800, ulezi 600, maini 2,400, yai 400, mkaa 2,000. Jumla shilingi 6,200 kwa gramu 660, yaani chini ya 9,500 kwa kilo.

Kuhifadhi: ndoo ndogo kadhaa ni bora kuliko moja kubwa, kwa sababu kila ukifungua unaingiza hewa yenye unyevu. Inayotumika ikae karibu na mlango, nyingine zisifunguliwe. Kila ndoo ina tarehe na uzito kwa kalamu ya wino mzito. Biskuti za mwisho wa Juni zinakatika kwa sauti mpaka leo na chumvi haigandi. Mapafu ya mwezi uleule pia.

Nimeulizwa na majirani kama nauza. Bado. Msimu wa kiangazi unasamehe mengi, na hakuna mkupuo wa moto wa pili uliokwisha kupita katika mvua nzito. Ndoo mbili, moja ya biskuti na moja ya mapafu, zimewekwa kando bila kufunguliwa mpaka Desemba. Mvua zikishika, nitazifungua, nitazipima kwa mizani na kwa chumvi, na matokeo yataandikwa hapa chini, yawe mazuri au mabaya.